Mashine imejifunza jumla, haijajifunza kani

Mwezi Mei 2025 kampuni ya Meta pamoja na Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley ya Marekani zilitoa hadharani hazina ya data iitwayo OMol25. Ndani yake mna hesabu zaidi ya milioni 100 za fizikia ya kwanta juu ya molekuli na mikusanyiko ya molekuli, yenye hadi atomi 350 na kugusa elementi 83. Hesabu hizo zilikula saa bilioni 6 za prosesa. Modeli za akili mnemba zilizonolewa kwa data hiyo hukadiria kwa sekunde kile ambacho hesabu ya kawaida ingekikalia siku nzima. Ni kazi kubwa, na naiheshimu. Ila tangu itoke imezuka kauli ambayo nimeisikia mara nyingi mno kuiacha ipite: kwamba suala la kani baina ya molekuli sasa limekwisha, mashine imeshalijua, na ule mtindo wa kuigawa nishati mafungu, hili la mabadilishano, hili la mtawanyiko, ni mazoea ya vizazi vilivyotangulia ambayo yanaweza kwenda makumbusho.

Naamini kauli hiyo imelishika jambo kinyume. Kadiri mashine zinavyozidi kuwa hodari wa kutoa jumla, ndivyo tunavyozidi kuhitaji kujua jumla hiyo imetoka wapi. Mabadilishano, ambayo kwa kawaida huzisukuma molekuli, na mtawanyiko, ambao huzivuta, ni kani mbili zinazovutana pande tofauti, zina maumbo tofauti, na kile tunachokiona kwenye maabara ni salio dogo linalobaki baada ya kukatana. Modeli inaweza kulipata salio hilo sawasawa huku pande zote mbili zikiwa na makosa, na makosa hayo hayataonekana mpaka siku itakapoulizwa juu ya molekuli kubwa zaidi, umbali mrefu zaidi, au mpangilio ambao haukuwemo kwenye mafunzo yake. Na hayo ndiyo hasa maswali tunayotaka itujibie.

Nianze na mabadilishano, kwa kuwa jina lake ndilo linalopotosha. Hakuna kitu kinachopokezanwa kati ya molekuli mbili. Jina limetoka kwenye hesabu: elektroni zote zinafanana kiasi cha kutotofautishwa, na fizikia ya kwanta inataka ukibadilishana nafasi za elektroni mbili, ishara ya wimbi linaloeleza mfumo mzima igeuke, chanya iwe hasi. Sharti hilo linazaa jingine: elektroni mbili zenye spini moja, yaani ile sifa ya kwanta ya elektroni yenye hali mbili tu, haziwezi kukaa mahali pamoja. Mwaka 1927 Walter Heitler na Fritz London walilitumia kueleza kwa nini atomi mbili za hidrojeni hushikana. Spini zikielekeana kinyume, mabadilishano huvuta, zikifanana, husukuma. Lakini molekuli nyingi tunazokutana nazo zimekwisha kujaza nafasi zao, kila elektroni ina mwenzake wa spini ya pili. Molekuli mbili za namna hiyo zikikaribiana hadi mawingu yao yaingiliane, elektroni za upande huu hazina pa kukaa upande ule. Zinaondolewa eneo la katikati, zinabanwa, na elektroni iliyobanwa hupanda nishati ya mwendo. Ndiyo maana mkono hauzami ndani ya meza. Msukumo huu hufifia upesi sana molekuli zinapoachana, kwa sababu unafuata mkia wa mawingu yenyewe: kila hatua moja ya umbali, hupungua kwa mgawo uleule, na baada ya hatua chache hakuna kilichobaki.

Mtawanyiko una jina geni zaidi. London, katika kazi yake ya mwaka 1930, aliona kwamba sifa za molekuli zinazotawala mvuto huu ndizo zilezile zinazotawala namna gesi inavyoupinda mwanga wa rangi mbalimbali kwa viwango tofauti, yaani mtawanyiko wa mwanga, akaupa jina hilo. Vitabu vya shule husema elektroni huegemea upande mmoja kwa kitambo kidogo, ikazuka ncha ya chaji, na ncha hiyo ikaamsha ncha nyingine kwa jirani. Picha hiyo inasaidia kuanzia, lakini inamfanya msomaji afikiri kuna tukio, moja likitangulia na lingine likifuata. Sivyo ilivyo. Chukua springi mbili zinazotikisika, kila moja kwa kasi ileile. Ziunganishe kidogo. Sasa hazitikisiki tena kila moja kivyake: mtikisiko mmoja wa pamoja hupungua kasi, mwingine huongezeka. Fizikia ya kwanta huuwekea kila mtikisiko nishati ya chini isiyoondoka hata baridi ikifika sifuri kamili, na ukifanya hesabu utakuta mtikisiko uliopungua umeshuka zaidi kidogo kuliko yule wa pili alivyopanda. Tofauti hiyo ndogo ndiyo mvuto. Muunganiko wenyewe hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali, na kwa kuwa mvuto unategemea mraba wa muunganiko, wenyewe hupungua kwa kipeo cha sita. Umbali ukiwa maradufu, nishati hubaki sehemu moja kwa 64. Ni kupungua kwa haraka, lakini ukilinganisha na mabadilishano ni mwendo wa kobe.

Gesi adimu ndizo zinazoonyesha jambo hili bila pazia, maana atomi zake hazina chaji wala ncha za kudumu. Heli huchemka kwenye kelvini 4.2, neoni kwenye 27, arigoni 87, kriptoni 120, zenoni 165. Kadiri atomi inavyokuwa kubwa na wingu lake la elektroni linavyozidi kuwa rahisi kuyumba, ndivyo mtawanyiko unavyozidi kuishika kioevu. Na heli, iliyo mwishoni kabisa upande wa udhaifu, ina kisa ambacho ningependa kila anayefunza modeli akijue. Atomi mbili za heli zina bonde la nishati, yaani mahali nishati yao iko chini kabisa, lenye kina cha kelvini 11 tu, nishati ikipimwa kama joto, kwenye umbali wa nanomita 0.297. Atomi zenyewe ni nyepesi mno kiasi kwamba nishati yao ya chini ya mtikisiko karibu inalijaza bonde lote, na kinachobaki kuzishikilia ni chini ya sehemu mbili kwa elfu za kelvini moja. Kwa miaka mingi haikujulikana kama jozi hiyo ipo. Mwaka 1994 Wieland Schöllkopf na Peter Toennies huko Göttingen walipitisha mwale wa heli baridi kwenye wavu wenye nyufa finyu sana, wakaona jozi zikipinda kwa pembe yake, tofauti na atomi pekepeke. Vipimo vilivyofuata vikaonyesha kwamba kwa wastani atomi hizo mbili hukaa nanomita 5.2 mbalimbali, zaidi ya mara 17 ya umbali wa bonde lenyewe. Ongeza msukumo wa mabadilishano kwa asilimia chache tu, bila kugusa mtawanyiko, na molekuli hiyo haipo kabisa.

Salio dogo kiasi hicho si la heli pekee. Niliwahi kukaa siku tatu na mchoro wa atomi mbili za arigoni niliouhesabu kwa njia ya Hartree na Fock, ambayo hutunza mabadilishano kikamilifu lakini haijui lolote kuhusu elektroni kufuatana katika mwendo wao. Mstari ulikuwa ukitoka kulia kwenda kushoto na kupanda tu, hauna bonde hata la kuchungulia. Nilikagua kila mstari wa ingizo langu nikitafuta kosa. Kosa halikuwepo. Ndivyo arigoni ingekuwa bila mtawanyiko: haina sababu yoyote ya kuwa kioevu. Ukiongeza mtawanyiko, bonde linajitokeza kwenye nanomita 0.376, lenye kina cha takriban kelvini 143. Kina hicho ni baki la namba mbili zinazokaribiana ukubwa, na kila mwenye kufanya hesabu anajua hatari ya kutoa namba mbili zinazokaribiana: kosa dogo kwenye mojawapo huwa kosa kubwa kwenye jibu.

Sasa turudi kwa mwalimu wa mashine, yaani data iliyoinoa. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na zile hesabu milioni 100 ziliundwa kwa nadharia ya msongamano wa elektroni, iliyowekewa msingi na Pierre Hohenberg, Walter Kohn na Lu Sham mwaka 1964 na 1965. Kimsingi nadharia hiyo ni kamili. Kwa vitendo inahitaji fomula ya kukadiria mabadilishano na ufuatano wa elektroni, na hapo ndipo mahali pa shida. Fomula za kawaida hutazama msongamano wa elektroni mahali pamoja na mteremko wake hapohapo. Mawingu mawili yasiyogusana, kwa fomula hizo, hayajuani. Ule mvuto wa kipeo cha sita haumo. Hilo peke yake lingekuwa kosa la wazi, rahisi kulikamata. Kilichosumbua ni kwamba baadhi ya fomula zilionyesha mvuto hata hivyo. Ile sahili kuliko zote, inayotazama msongamano tu bila mteremko, huzishikanisha gesi adimu kwa nguvu kuliko uhalisia, na mvuto huo unatoka kwenye kosa la upande wa mabadilishano. Kwa grafiti, ambayo tabaka zake za kaboni zimeachana nanomita 0.335, fomula hiyohiyo ilitoa umbali karibu sahihi, ikasifiwa kwa hilo. Fomula iliyofuata, bora kwa mambo mengi mengine, ikaziacha tabaka zikiwa karibu hazishikani. Wapo waliohitimisha kwamba ya kwanza ndiyo iliyoielewa grafiti. Haikuielewa. Ilikuwa na deni upande mmoja na ziada upande wa pili, na vikakutana kwenye namba ambayo watu walikuwa wanaitafuta.

Kisha yakaja masahihisho. Mwaka 2004 Max Dion na wenzake walitoa fomula inayounganisha msongamano wa mahali pawili kwa mara moja, ili mawingu yasiyogusana yajuane. Stefan Grimme alichukua njia nyepesi, akaongeza kipande cha mtawanyiko kwa kila jozi ya atomi, na toleo lake la mwaka 2010 limeenea kila mahali. Yote ni maendeleo ya kweli. Lakini angalia kilichotokea ndani yake. Ile ya 2004 ilibandikwa kwenye fomula ya mabadilishano yenye msukumo mkali kupita kiasi, molekuli zikakaa mbalimbali kuliko inavyotakiwa, na mwaka 2010 Jiří Klimeš, David Bowler na Angelos Michaelides wakaiboresha kwa kubadilisha upande wa mabadilishano, mtawanyiko ukiachwa ulivyo. Ile ya Grimme inahitaji breki, kwa sababu kipeo cha sita kikiachwa huru hadi umbali mdogo hulipuka, na vipimo vya breki hiyo hurekebishwa upya kwa kila fomula inayobandikwa. Fikiria maana yake. Molekuli mbili zilezile, kwenye umbali uleule, zinapewa kiasi tofauti cha mtawanyiko kulingana na fomula ya mabadilishano iliyochaguliwa na mtu mezani. Katika asili, mtawanyiko wa jozi hiyo haujui mezani kwetu kuna nini. Sehemu ya kile tunachokiita mtawanyiko katika programu zetu ni kiraka cha mabadilishano.

Fomula iliyotumika kwenye OMol25, iitwayo ωB97M-V, ni miongoni mwa bora kabisa zilizopo, na ile herufi V ya mwisho inataja sehemu yake ya mtawanyiko, iliyotokana na kazi ya Oleg Vydrov na Troy Van Voorhis. Sina neno baya juu yake. Ila nayo imesawazishwa kwa pamoja, pande zake zikirekebishwa zikiwa zimeshikana, dhidi ya mkusanyiko wa majibu ya rejea ambayo mengi ni ya molekuli ndogo. Mwanafunzi aliyesoma kwake, hata awe hodari kiasi gani, anajifunza pamoja na usawazisho huo. Na yeye hapewi pande mbili. Anapewa jumla na mwelekeo wake, basi.

Wenye maoni tofauti na yangu wana hoja, na ya kwanza ni nzito: kasi. Kuna maswali, kama vile protini inavyokunjuka ndani ya maji au ioni inavyopita ndani ya betri, ambayo hesabu za mafungu hazitayafikia kamwe kwa muda wenye maana. Modeli yenye kosa dogo inayoweza kuendeshwa kwa mamilioni ya hatua ina manufaa kuliko hesabu safi ya hatua moja. Nakubali bila masharti. Siombi mashine ziachwe. Ninapinga wazo kwamba kasi imeondoa haja ya kujua kilichomo.

Hoja ya pili ni ya kifalsafa, na inastahili kujibiwa kwa heshima. Inasema mafungu haya hayapimiki. Hakuna chombo kinachosoma mabadilishano peke yake. Asili inatoa jumla, na mgawanyo ni wetu. Kuna ukweli ndani yake. Pale mawingu yanapoingiliana sana, mpaka hauko wazi. Njia makini zaidi ya kugawa nishati, ile ya nadharia ya usumbufu yenye ulinganifu, iliyokuzwa hasa na Bogumił Jeziorski, Robert Moszynski na Krzysztof Szalewicz, ina hata kipande kinachoitwa mabadilishano ya mtawanyiko: elektroni zinazofuatana katika mwendo zinalazimika pia kutii sharti la kutokaa pamoja, na hilo hupunguza mvuto. Kipande hicho ni cha pande zote mbili, na haiwezekani kukipa mwenye mmoja bila ugomvi. Lakini kutoka hapo hadi kusema mafungu ni ya kubuni tu ni mbali sana. Kwenye umbali mkubwa mabadilishano yamekwisha na mtawanyiko umebaki peke yake, na kipimo chake hupatikana kutoka kwenye vipimo vya mwanga, kwa njia ileile London aliyoiona: namna gesi inavyounyonya na kuupinda mwanga inakupa namba ya mvuto bila kugusa molekuli mbili kwa pamoja. Kitu kinachotabiriwa na kipimo cha nje namna hiyo hakikubuniwa na mchambuzi.

Hoja ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, na cha kusikitisha ndiyo inayotumika zaidi. Inasema makosa hufutana, basi kwa nini tuhangaike? Makosa hufutana kweli, lakini tuulize yanafutana wapi. Kosa la mabadilishano hupungua kwa mgawo uleule kila hatua. Kosa la mtawanyiko hupungua kwa kipeo cha sita. Mistari miwili yenye maumbo tofauti hivyo inaweza kukatana mahali pamoja, na kwa kawaida ni mahali tulipoirekebishia. Sogea kidogo kulia au kushoto na imeachana. Ubaya mkubwa zaidi uko kwenye ukubwa wa molekuli. Mabadilishano huhesabu ngozi tu, zile sehemu zinazogusana. Mtawanyiko huhesabu mwili mzima, kila elektroni huku na kila elektroni kule. Ukizikuza molekuli, upande mmoja hukua kwa eneo la mgusano na wa pili hukua kwa zaidi ya hapo. Ufutano uliosawazishwa kwenye molekuli ndogo hauna sababu yoyote ya kudumu kwenye kubwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko katika arigoni hiyohiyo. Kwa miongo mingi wachambuzi wa vioevu wametumia fomula ya Lennard-Jones, yenye kipeo cha sita kwa mvuto na cha kumi na mbili kwa msukumo. Hiyo ya sita ni fizikia. Hiyo ya kumi na mbili ni urahisi wa hesabu, kwa kuwa ni mraba wa sita, na msukumo halisi haufuati kipeo chochote. Ukiirekebisha fomula hiyo ili itoe sifa za arigoni kioevu, unapata kina cha bonde cha kelvini 120 hivi, na arigoni kioevu inatoka vizuri kweli. Sasa weka atomi mbili tu, hakuna nyingine karibu, upime. Kina ni 143. Hizo kelvini 23 zimekwenda wapi? Sehemu imemezwa na umbo lisilo sahihi la msukumo. Sehemu ni kitu kingine kabisa: mwaka 1943 Benjamin Axilrod na Edward Teller walionyesha kwamba mtawanyiko wa atomi tatu si jumla ya jozi zake tatu. Zikikaa kwenye pembetatu ya pande sawa, ile ya tatu huharibu mpangilio wa mitikisiko ya wenzake na mvuto hupungua. Zikikaa kwenye mstari, huongezeka. Ndani ya kioevu kilichosongamana, kwa ujumla hupungua. Fomula ya jozi haikuwa na pa kuliweka hilo, ikaliweka kwenye kina cha bonde. Kwa kioevu, namba ikakaa sawa. Kwa jozi, kwa gesi, kwa uso wa fuwele ambako majirani ni wachache zaidi, ile namba ni ya uongo. Na hiyo ni atomi rahisi kuliko nyingi, yenye fomula ya vipimo viwili vya kurekebisha ambayo mtu anaweza kuikagua kwa macho. Modeli ya leo ina vipimo mamilioni, na haijulikani ni kipi kati yake kimebeba kosa la nani.

Wengine hujibu kwamba makosa yenyewe ni madogo. Madogo kwa nini? Jozi ya molekuli za benzeni hushikana kwa takriban kilojuli 11 kwa moli. Njia moja ya kwanta iliyotumika sana zamani, ile ya Møller na Plesset ya daraja la pili, hutoa karibu 20, kwa kuwa huzidisha mtawanyiko wa molekuli za namna hii. Na fuwele nyingi za kikaboni zina sura zaidi ya moja, molekuli zilezile zikijipanga kwa namna tofauti, ambapo tofauti ya nishati kati ya sura hizo mara nyingi haifiki hata kilojuli 2 kwa moli. Mwaka 1998, miaka miwili tu baada ya dawa ya ritonavir ya virusi vya Ukimwi kuingia sokoni, fuwele yake ya sura nyingine isiyoyeyuka kirahisi ilianza kujitokeza kiwandani, na vidonge vya aina ya kapsuli vikalazimika kuondolewa na dawa kutengenezwa upya. Kisa hicho kina vifungo vya hidrojeni ndani yake pia, siwezi kukitwika mtawanyiko wote. Lakini ndiyo saizi ya namba tunazozizungumzia: kilojuli mbili au tatu, na wagonjwa wanakosa dawa waliyoizoea.

Kuna jambo jingine linalopaswa kumfikirisha yeyote anayesema suala limekwisha. Mwalimu wa mashine naye ana mwalimu wake. Fomula za msongamano hupimwa kwa njia mbili zinazoaminika kuliko zote, ile ya makundi yaliyounganishwa na ile ya Monte Carlo ya kwanta. Kwa molekuli ndogo njia hizo mbili hukubaliana vizuri. Mwaka 2021 Yasmine Al-Hamdani na wenzake walizijaribu kwa mikusanyiko mikubwa ambayo mawingu yake huyumba kwa urahisi, mmojawapo ukiwa mpira wa kaboni wa atomi 60 uliokaa ndani ya pete. Kwa baadhi ya mikusanyiko walikuta makubaliano. Kwa mingine walikuta tofauti ya hadi kilokalori 8 kwa moli, yaani kilojuli 33 hivi. Kwenye joto la kawaida la chumba, tofauti hiyo hugeuza uwezo wa molekuli kushikana kwa zaidi ya mara laki tano. Na tofauti hiyo haikutawanyika ovyo, ilijikusanya kule mtawanyiko ulikokuwa mwingi. Kilichofanya watu waanze kutafuta kwenye mahali sahihi ni kule kujua kwamba mikusanyiko hiyo inashikwa na mtawanyiko, na kwamba njia ya makundi hukadiria sehemu fulani ya ufuatano wa elektroni tatu kwa mkato. Jumla peke yake isingewaelekeza popote.

Nimalizie na umbali, maana hapo modeli nyingi zina upofu wa kutengenezwa. Ili hesabu iwe nyepesi, kila atomi huruhusiwa kuona majirani walio ndani ya duara fulani, mara nyingi lenye nusu kipenyo cha nanomita 0.5 au 0.6. Zipo zinazopitisha habari kutoka jirani hadi jirani, hivyo kuona mbali zaidi, mradi kuna atomi katikati za kubeba habari hiyo. Mtawanyiko hauhitaji mbebaji. Kwa jozi moja unakufa upesi, ila miili mikubwa hukusanya jozi zisizohesabika, na mwaka 1937 Hugo Hamaker alionyesha namna ya kuzijumlisha: ukifanya hivyo kati ya nyuso mbili bapa, nishati hupungua kwa mraba tu wa pengo. Kipeo cha sita kimegeuka kuwa cha pili. Mjusi kafiri anatembea darini kwa hesabu hiyo. Kila mguu wake una vinyweleo vipatavyo nusu milioni, kila kimoja kikichanua kuwa mamia ya ncha pana za nanomita 200 hivi, na mwaka 2002 Kellar Autumn na wenzake walionyesha kwamba hushika sawasawa kwenye uso unaopenda maji na usiopenda maji, jambo linaloelekeza kwenye kani za van der Waals, ambazo mtawanyiko ni mojawapo, badala ya gundi ya unyevu. Modeli inayokata macho yake kwenye nanomita 0.6 inaweza kuwa sahihi kwa kila jozi iliyofunzwa na bado ikakosea mguu mzima.

Kwa hiyo ninachodai kwa wanaotengeneza modeli hizi kinatekelezeka, na baadhi yao wameshaanza. Mvuto wa mbali uandikwe wazi kwa fizikia yake, pamoja na athari za atomi tatu na zaidi, na mashine iachiwe kujifunza kile cha karibu ambacho hatuna fomula yake nzuri. Data ya mafunzo ibebe mafungu ya nishati walau kwa sehemu ya mifano, ili modeli iulizwe juu ya kila fungu peke yake. Na majaribio yasiishie kwenye sehemu ya chini ya bonde, ambako kila mtu husawazisha. Wanaotumia modeli nao wana jaribio ambalo halizidi dakika moja, nami hulifanya kabla ya kuamini namba yoyote. Weka atomi mbili za arigoni peke yake kwenye nanomita 0.376. Zivute polepole hadi nanomita 1, ukiandika nishati kila hatua. Kutoka 0.5 hadi 1 inapaswa kushuka kuelekea sehemu moja kwa 64. Ukikuta imeshuka vizuri kisha ghafla, kwenye 0.6, ikaandika sifuri kamili, usiitumie kwa swali lolote ambalo jibu lake linategemea kilichoko ng'ambo ya hapo.